Binyavanga Wainaina: Mwana wa Nakuru Aliyekataa Kusemewa

Mji wa Nakuru una sifa zake nyingi. Wasafiri wanaoteremka Bonde la Ufa waujua kwa ziwa lake na makundi ya heroe, na kwa Menengai, mlima wa volkano wenye shimo kubwa ulioukabili mji kwa upande wa kaskazini. Wakulima waujua kwa ngano, maziwa na pareto. Wanasiasa nao waujua kwa Ikulu ambamo marehemu Mzee Jomo Kenyatta alipenda sana kukaa, na kwa Kabarak, maskani ya marehemu Rais Daniel arap Moi, ambayo haiko mbali na hapo.

Lakini kwa watu wa vitabu, Nakuru ina sifa nyingine. Ndipo alipozaliwa na kulelewa Binyavanga Wainaina, mwandishi na mwalimu wa waandishi, ambaye jina lake lilivuma kutoka Nairobi hadi Lagos na kutoka London hadi New York kabla hajatimiza miaka 40. Alifariki dunia tarehe 21 Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 48. Hakuacha riwaya nyuma yake, na kitabu chake kikubwa ni kimoja tu. Hata hivyo, ni vigumu kuzungumzia uandishi wa Kenya wa karne hii bila ya kumtaja.

Msomaji wa pwani huenda akajiuliza mtu huyu wa bara anatuhusu nini. Jibu ni kwamba maisha yake yote yalizunguka jambo ambalo sisi wa pwani twalijua vyema, kwa kuwa nasi tumeandikwa sana na wageni: ni nani mwenye haki ya kumsemea mtu? Binyavanga alianza kwa kuwakataza wageni wasiisemee Afrika. Akaendelea kwa kuwakataza wakubwa wasiwasemee vijana. Mwishowe akafika penye ugumu zaidi kuliko pote, napo ni nyumbani kwake mwenyewe.

KUZALIWA NA MALEZI

Alizaliwa tarehe 18 Januari 1971, akapewa majina ya Kenneth Binyavanga. Baba yake alikuwa Mgikuyu na mtu mwenye cheo, kwani alikuwa mkurugenzi wa Bodi ya Pareto ya Kenya. Pareto ni ua jeupe linalokaushwa na kukamuliwa dawa ya kuua wadudu, na kwa miaka mingi Kenya ndiyo iliyouza pareto nyingi kuliko nchi zote duniani. Kiwanda chake kilikuwa hapo hapo Nakuru. Mama yake alitoka Uganda, kusini magharibi, karibu na mpaka wa Rwanda, naye alikuwa na saluni yake mjini ya kutengeneza nywele za wanawake.

Jina la Binyavanga liliwashangaza Wakenya wengi, maana si la Kigikuyu wala si la kabila lolote la Kenya. Asili yake ni mila ya Wagikuyu yenyewe. Kwa mila hiyo, mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babu yake mzaa mama. Babu huyo alikuwa wa Uganda, basi mtoto akawa na mguu mmoja Kenya na mwingine Uganda tangu siku ya kuzaliwa. Kila alipolitaja jina lake ilimbidi ajieleze.

Nyumba yao ilikuwa nyumba ya mjini hasa. Watoto walizungumza Kiingereza na Kiswahili, na Kigikuyu cha baba hawakukishika sawasawa. Jamaa wa mama walikuwa wametawanyika katika nchi za maziwa makuu. Uganda ya siku hizo ilikuwa chini ya Idi Amin, na habari za vita na ukimbizi hazikuwa habari za redioni tu kwao, bali zilikuwa habari za ndugu.

Katika tawasifu yake, Binyavanga anaanza na mtoto wa miaka 7 akicheza mpira bustanini na ndugu zake. Mwaka huo ulikuwa 1978, ambao Mzee Kenyatta alifariki mjini Mombasa alfajiri ya tarehe 22 Agosti. Mtoto huyo ana tabia ya peke yake: wenzake wanapokimbilia mpira, yeye husimama kuutazama mwanga wa jua au kusikiliza sauti, na mpira humpita. Alikuwa mwenye haya na mwingi wa mawazo, tena mla vitabu. Hata alijitungia neno lake mwenyewe, kimay, la kutajia sauti na lafudhi zilizomchanganya na kumtia hofu, ambazo katika maneno aliyofundishwa hakuona moja la kuzitajia. Tangu utotoni basi, shida yake ilikuwa kukosa neno la kitu anachokihisi.

SHULE NA MIAKA YA GIZA

Shule ya msingi aliisoma Nakuru. Siku za kutafuta nafasi ya sekondari zikamfundisha somo la siasa mapema. Anasimulia kwamba yeye na dada yake walifaulu vizuri, lakini nafasi katika shule kubwa hazikuja, na wazee wao wakajua kwamba katika serikali mpya ya wakati huo jina la kabila nalo lilikuwa likitiwa katika hesabu. Baadaye alisoma Mang'u, karibu na Thika, kisha Lenana, Nairobi, ambayo zamani ilikuwa shule ya watoto wa Kizungu na hata katika zama zake bado ilikuwa na mambo ya Kizungu.

Mwaka 1991 alikwenda Afrika Kusini kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei, mjini Umtata. Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani mwaka mmoja tu kabla, na nchi nzima ilikuwa inachemka. Wazazi wake walimtarajia arudi na shahada, avae tai, apate kazi ya ofisini kama baba yake. Haikuwa hivyo. Kijana alijifungia chumbani na vitabu vya hadithi, akaacha kuhudhuria darasani, siku zikawa miezi na miezi ikawa miaka. Hakumaliza masomo hayo.

Hapo wengi wangemhesabu kuwa amepotea. Yeye baadaye aliisimulia miaka hiyo bila kujitetea. Hakusingizia kurogwa wala marafiki wabaya. Alikuwa mtu aliyewekwa katika njia isiyokuwa yake, na hakuwa na ujasiri wa kuwaambia waliomweka. Alihamia Cape Town, akawa akipika chakula cha kuuza na kuandika magazetini makala za mapishi na za safari. Huko ndiko alikojifunza ufundi wa kuandika, kwa kuueleza mchuzi na barabara na sura za watu kwa namna itakayompendeza msomaji asiyemjua.

Mwaka 1995 alisafiri kwenda Uganda, ambako ukoo wa mama yake ulikusanyika nyumbani kwa babu na bibi. Ndugu walitoka pande nyingi, wengine hawakupata kuonana kwa miaka mingi kwa sababu ya vita. Safari hiyo aliitunza moyoni mpaka alipoiandika.

Mwaka 2000 mama yake alifariki dunia kwa ugonjwa wa kisukari, kule Kenya. Binyavanga alikuwa bado Afrika Kusini, na miaka mitano ilikuwa imepita hawajaonana ana kwa ana. Hakuwahi kufika kitandani kwake. Liko neno alilotaka kumwambia, hakumwambia, na neno hilo lilimkaa kifuani miaka 14 mingine. Tutalifikia.

TUZO NA JARIDA LA KWANI?

Mwaka 2002 makala yake ndefu ya safari ile ya Uganda, iitwayo Discovering Home, yaani Kugundua Nyumbani, ilishinda Tuzo ya Caine, ambayo hutolewa Uingereza kwa hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika. La ajabu ni kwamba makala hiyo haikuwa imetoka katika kitabu wala jarida la karatasi, ilikuwa imechapishwa katika intaneti, wakati ambapo wengi Afrika Mashariki hawakuwa wameigusa kompyuta. Miongoni mwa walioshindania tuzo mwaka huo alikuwamo binti wa Kinigeria ambaye bado hakuwa mashuhuri, Chimamanda Ngozi Adichie. Wawili hao walikuwa marafiki, wakaandikiana barua za kompyuta na kusahihishiana kazi.

Tuzo ilikuwa ya dola 15,000 za Marekani. Wengi wangejengea nyumba. Binyavanga alirudi Nairobi, na pamoja na waandishi na wahariri wenzake waliokuwa wakikutana kuzungumza mambo ya vitabu, wakaanzisha jarida mwaka 2003. Jina lake ni Kwani?

Hapa msomaji wa pwani anahitaji kusimama kidogo. Kwetu, kwani ni neno la heshima tu, huunga sentensi na kutoa sababu. Vijana wa Nairobi walilitumia kwa maana ile nyingine, ya kumwuliza mtu kwa ukali kidogo: kwani wewe ni nani? Kwani kuna nini? Ndilo swali walilotaka kuwauliza wazee wa fasihi ya Kenya. Miaka ya utawala wa chama kimoja ilikuwa imewatia watu woga. Waandishi wengine walifungwa, wengine walikimbia nchi, na mashirika ya vitabu yalikuwa yakiishi kwa vitabu vya shule. Kijana mwenye hadithi isiyofaa kwa mtihani hakuwa na pa kuipeleka. Desemba 2002 utawala ulibadilika kwa kura, watu wakapumua, na Kwani? ikatoka katika pumzi hiyo.

Jarida lilichapisha hadithi, mashairi, picha za katuni, hata maandishi ya Sheng. Wakubwa wa vyuo wengine walilidharau, wakasema hiyo si fasihi. Lakini toleo la kwanza lilikuwa na hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor, Weight of Whispers, juu ya mkimbizi wa Kinyarwanda jijini Nairobi, na hadithi hiyo ikashinda Tuzo ya Caine mwaka huo huo wa 2003. Miaka miwili mfululizo tuzo ilikuja Kenya. Bibi Owuor ndiye yule aliyeandika baadaye The Dragonfly Sea, riwaya iliyotoka mwaka 2019 ambayo shujaa wake ni msichana wa kisiwa cha Pate. Kwa hiyo mbegu iliyopandwa na mtu wa Nakuru ilizaa, pamoja na mengine, riwaya kubwa ya bahari yetu.

Jambo hili si dogo. Uandishi wa Kenya kwa muda mrefu ulikuwa baraza la wanaume, na mwanamke aliyeandika alionekana kama mgeni aliyeingia bila hodi. Binyavanga, aliyemwona mama yake akiendesha biashara yake mwenyewe mjini, hakulikubali hilo. Alitafuta waandishi wanawake, akawachapisha, akawatetea. Fedha za kuendeleza kazi hiyo zilitoka kwa wafadhili, Wakfu wa Ford ukiwa mmojawapo, na jarida likakua likawa shirika la uchapishaji.

TASHTITI ILIYOZUNGUKA DUNIA

Mwaka 2005 jarida la Granta la London lilitoa toleo maalumu juu ya Afrika. Humo mlikuwa na makala fupi ya Binyavanga, How to Write About Africa, yaani jinsi ya kuandika juu ya Afrika. Asili yake ilikuwa barua ya hasira aliyowaandikia wenye jarida hilo, akiwalaumu kwa toleo lao la zamani lililoieleza Afrika vibaya. Wao wakaona hasira hiyo ina faida, wakaichapisha.

Makala imeandikwa kwa namna ya tashtiti. Anajifanya mwalimu anayemfundisha mgeni, akampa orodha ya mambo ya kutia kitabuni: machweo mekundu, njaa, watu wasio na majina, wanyama wenye akili kuliko watu, na mgeni mwenye huruma aliye katikati ya yote. Mwafrika mwenye kazi, mwenye kusomesha watoto na kugombana na jirani kwa sababu ya ukuta, huyo asitiwe. Wasomaji walicheka, kisha wakaona haya, maana wengi walijikuta wamo. Wahenga wetu walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Alichosema Binyavanga kwa kicheko ni kwamba bara zima lilikuwa likisafirishwa kwa nyota ya watu wengine.

Hakuwa mtu wa kununuliwa kwa sifa. Mwaka 2007 Jukwaa la Uchumi la Dunia lilimteua kuwa mmoja wa vijana viongozi wa ulimwengu. Wengi huililia heshima hiyo. Yeye aliikataa, akieleza kwamba kazi ya mwandishi ni kukaa huru, na kwamba angekuwa mwongo kama angekubali kuitwa mwokozi wa dunia.

Mwishoni mwa mwaka huo Kenya ikaingia katika balaa la baada ya uchaguzi. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mwishoni mwa Januari 2008 moto ulifika Nakuru na Naivasha, mitaa ile ile aliyoijua tangu utoto. Binyavanga na waandishi wenzake waliungana kuandika magazetini, na toleo la 5 la Kwani?, lililotoka kwa sehemu mbili, likawa kumbukumbu ya siku hizo. Kwa mtu mwenye jina la Uganda, baba Mgikuyu na utoto wa Bonde la Ufa, swali la nani wa wapi halikuwa la vitabuni.

MWALIMU

Watu wengi humkumbuka kama mwandishi, lakini wanaomlilia zaidi ni wanafunzi wake. Alifundisha katika vyuo kadhaa vya Marekani, kisha akawa mkurugenzi wa Kituo cha Chinua Achebe katika Chuo cha Bard, jimbo la New York, chuo ambacho marehemu Achebe mwenyewe alikuwa amefundisha kwa miaka mingi. Alifundisha pia Lagos, pamoja na Chimamanda Adichie, katika semina za waandishi chipukizi. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa waliobuni mpango wa kuwapeleka waandishi zaidi ya 10 wa Kiafrika katika miji mbalimbali ya Afrika, kila mmoja aandike mji wa mwenzake. Yeye mwenyewe alikwenda kusoma upya, akapata shahada ya pili ya uandishi katika Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Mtoto aliyeshindwa kumaliza biashara Umtata alimaliza alichokipenda.

Mwaka 2011 ikatoka tawasifu yake, One Day I Will Write About This Place, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita Siku Moja Nitaandika Habari za Mahali Hapa. Mahali penyewe kwanza ni Nakuru: saluni ya mama, harufu ya dawa za nywele, redio, vumbi la mitaa, watoto wa ofisa mkubwa wanaochungulia maisha ya wenzao juu ya ua. Wahakiki wa nchi nyingi waliisifu kwa lugha yake. Lakini wasomaji makini waliona kwamba kitabu kina pengo. Kijana wa miaka 20, 25, 30 anasimuliwa, na habari za mapenzi hazimo.

SURA ILIYOKUWA IMEBAKI

Pengo hilo alilijaza mwenyewe tarehe ya siku zake za kuzaliwa, Januari 2014, alipotimiza miaka 43. Alichapisha makala aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu chake. Humo anajiwazia yuko, mwaka 2000, kando ya kitanda cha mama yake anayekata roho, akimwambia lile neno ambalo hakupata kumwambia: kwamba yeye ni mtu anayevutiwa na wanaume wenzake, na kwamba amelijua hilo tangu udogo. Kisha anauondoa uongo wa hadithi na kusimulia yaliyotokea kweli. Hakuwako. Hakusema. Mama alikwenda bila kujua, na baba naye alikuwa ameshafariki wakati makala inatoka.

Sababu ya kusema wakati huo aliitoa hadharani. Mwezi huo Nigeria ilikuwa imetia saini sheria kali juu ya watu kama yeye, na Uganda, nchi ya mama yake, ilikuwa inangojea ya kwake, ambayo ilitiwa saini Februari na kufutwa na mahakama ya katiba mwezi Agosti. Nchini Kenya vifungu vya sheria ya jinai vilivyorithiwa kwa Waingereza vinaweza kumfunga mtu miaka 14. Mtu maarufu kusema jambo hilo wakati huo, akiwa bado anaishi Nairobi, halikuwa jambo la mzaha. Alifuatisha video sita, ambamo aliwashutumu hasa wahubiri waliokuwa wakijaza vichwa vya watu hofu ya mapepo, akasema kwamba hofu hiyo ndiyo inayowanyima Waafrika uwezo wa kubuni mambo yao wenyewe.

Msomaji wetu anajua dini yetu imesema nini juu ya jambo hili, na ukurasa huu haukuja kutoa fatwa. Wengi wa wasomaji hawatakubaliana na Binyavanga hapo, na yeye hakuwaomba wakubaliane. Lakini maisha ya mtu hayasimuliwi nusu. Na katika sura hiyo limo jambo ambalo kila mzazi na kila mtoto, wa imani yoyote, atalielewa bila kufasiriwa: mtoto aliyempenda mama yake kupita kiasi, na ambaye kwa sababu ya mapenzi hayo hayo akashindwa kumwambia ukweli wa nafsi yake. Aliogopa kumpoteza, akampoteza vile vile, na ukweli akabaki nao peke yake. Mficha uchi hazai, walisema wahenga.

Wako waliomtukana. Wako waliosema amenunuliwa na Wazungu, tuhuma ya ajabu kwa mtu aliyewakejeli Wazungu kuliko mwandishi yeyote wa rika lake. Wako pia waliomshukuru kwa siri, kwa barua. Mwaka huo huo jarida la Time la Marekani lilimweka katika orodha ya watu 100 wenye athari kubwa duniani, na aliyeandika maelezo yake alikuwa rafiki yake wa zamani, Chimamanda Adichie. Naye Binyavanga, bila kulewa sifa, mwaka huo huo aliwasuta waandishi vijana kwa kuithamini mno Tuzo ya Caine, tuzo iliyomtoa yeye mwenyewe, na kuyasahau majarida na vikundi vya Afrika vinavyowalea.

MIAKA YA MWISHO

Mwishoni mwa 2015 alipatwa na kiharusi. Ulimi uliokuwa mali yake ukawa mzito. Alipelekwa India kutibiwa, na marafiki wa nchi nyingi walichangia. Alirudi, akatembea, akazungumza, lakini hakuwa tena kama zamani, na kitabu cha pili alichokuwa akikingojea kila mtu hakikuja.

Tarehe 1 Desemba 2016, Siku ya UKIMWI Duniani, alitangaza kwamba anaishi na virusi vya ugonjwa huo. Mwaka 2018 alitangaza kwamba ana mwenzi wake ambaye anataka kufunga naye ndoa Afrika Kusini, ambako sheria inaruhusu. Hayo yote angeweza kuyaficha, na watu wa hadhi yake huyaficha. Yeye alikuwa ameshaonja gharama ya kunyamaza.

Ndoa hiyo haikufungwa. Usiku wa tarehe 21 Mei 2019 alifariki jijini Nairobi. Siku 3 baadaye, tarehe 24 Mei, Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu ya kesi iliyokuwa ikiomba vifungu vile vya sheria ya jinai vifutwe. Mahakama ilikataa. Binyavanga hakuisikia hukumu hiyo.

ALICHOACHA

Mwaka 2022 makala zake zilikusanywa na kutolewa katika kitabu kimoja, kwa jina la ile tashtiti yake iliyomjulisha kwa ulimwengu. Humo utakuta mapishi, safari, siasa, kicheko na matusi kidogo. Hakuwa malaika. Alikuwa mgomvi, mwenye hasira za ghafla, mwenye kuahidi kazi na kuichelewesha. Wahariri waliomngoja wana mengi ya kusema.

Kwa waandishi wa Afrika Mashariki, lakini, somo lake li wazi. Kabla ya Kwani?, kijana wa Nakuru, Kisumu au Malindi aliyetaka kuandika alidhani lazima kwanza apate ruhusa ya London au ya wizara. Baada yake, vikundi vya waandishi na majarida yalichipuka, mengine ya karatasi na mengine ya intaneti, na vijana wakaandika kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha za mama zao. Hawakumwomba mtu ruhusa.

Na kwa sisi wengine tusioandika vitabu, liko jambo la nyumbani. Katika tawasifu yake mama yuko kila mahali, yuko hai, anacheka, anazungumza na wateja saluni, anaita watoto waingie ndani jioni ya Nakuru inapoanza kuwa baridi. Hadithi zote za dunia mwanawe alizimudu, isipokuwa ile moja ambayo mama huyo alikuwa na haki ya kuisikia wa kwanza.